Mashini Imemukataa Riziki

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 8, mwezi wa kumi

Nimewasha babula ya makaa. Nimepika chai ya watu wa biro, ile ofisi yenye nafanyaka kazi. Nimefagia, nimepanguza meza na zile ordinatere tatu, kompyuta za kazi. Kila siku njo vile. Hapa Mubi vumbi haichokake.

Fundi wa mashini amefika kutoka Goma. Jina yake Deo. Bwana mupole, matope mpaka ku masikio juu ya ile njia. Amekuja kufanya mashini zikuwe mupya ndani. Dada Kavira, mwenye anaandikaka watoto mu mashini, alinieleza: ile programu ya kutafuta watoto wenye walipotea mu vita inasimama juu ya kitu ingine, sawa nyumba juu ya musingi. Musingi umezeeka. Deo anaweka ingine. Nikasema sawa. Sikuelewa mingi. Mimi niliishia primeri, mwaka wa tatu.

Saa ine pikipiki ya Itebero ikaleta bahasha. Ndani, majina ya watoto wenye walionekana kule. Kavira alisoma, akasimama. Akaniambia, «Mama Riziki, weka fagio chini.» Nikauliza juu ya nini. «Weka kwanza, Mama.»

Riziki yangu. Iko hai. Iko Itebero.

Naandika tena. Iko hai.

Karatasi inasema: mutoto mwanamuke, wa Masisi, karibu miaka tisa, kovu ya moto ku mukono wa kushoto. Ile kovu ni mimi. Ni sufuria yangu ya maharagi, alikuwa na miaka mbili. Miaka yote nimeionea haya. Leo njo imenirudishia mutoto. Nilianguka chini ya meza ya Kavira, watu wakazani nimekufa.

Miezi nane imepita tangu apotee. Tulikuwa tunakimbia, tunavuka muto, Bauma, mutoto yangu mudogo, ku mugongo, Riziki ku mukono. Risasi zikalia. Mukono yake ikatoka mu yangu. Ni vile tu. Sina ingine ya kusema juu ya ile siku.

Siku ya pili, tarehe 9

Nimeuliza Kavira kila kitu mara mbili. Naandika nisisahau.

Riziki anakaa kwa mama muzee mumoja, anamuita Koko. Ule Koko anahama, anaenda kwa mutoto yake Bukavu. Atapanda kamiyo, lori ya Papa Katembo, ule mufanyabiashara wa Butembo mwenye duka kando ya biro yetu. Kamiyo inaondoka hapa Mubi siku ya pili ya juma lijalo, tarehe 16, inapita Itebero, inaendelea. Mimi nipande hapa, nimutwae Riziki pale. Lakini lazima nikuwe na fishi. Bila fishi, Riziki atapanda na Koko. Na kule Bukavu, na hii vita katikati yetu, nitamuona wapi?

Fishi ni karatasi ya mutoto. Inatoka mu mashini tu, na muhuri ya Shefu wa biro juu. Ya kuandika na mukono walikataza. Kuna mutu alijiandikiaka yake, akatwaa watoto wa wenyewe, akawapeleka kuchimba mawe mu mashimo. Tangu pale kapita, mukubwa wa kijiji Itebero, hatoe mutoto bila fishi ya mashini. Askari wa barieri, ile fasi wanafungaka njia, hawapitishe. Wako na haki. Ata mimi ningekataa.

Leo asubui mashini ziliwaka. Programu haikufunguka. Ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu, hapana. Kanatoka kasanduku kadogo, alama nyekundu, maandiko ya Kiingereza, basi.

Nilijua ni kosa yangu. Juu jana magaribi nilipanguza zile mashini na kitambaa ya maji. Kavira ananiambiaka kila siku: kavu, Mama, kavu! Na mimi, kwa ile furaha, ata kukamua sikukamua.

Nilienda nyuma ya biro, nikasimama na ukuta.

Nimeua karatasi ya mutoto yangu na kitambaa.

Siku ya tatu, tarehe 10

Sikukula. Asubui nilienda mbele ya Deo, nikapiga magoti, nikasema yote ya kitambaa. Kavira akacheka mpaka akashika mulango. «Deo, mupe Mama kazi yako! Kitambaa yake iko na nguvu kupita diplome yako!»

Deo hakucheka. Akaniinua. Alisema ni kosa yake. Alipoweka musingi mupya, aliondoa ya zamani ili kupata fasi, akizani mupya inatosha kubeba yote. Kumbe programu yetu inajua ya zamani tu. Ilitafuta musingi yake, haikuiona, ikakataa kusimama. Sasa ameirudisha. Musingi mbili, kando kando. Alifanya ile kazi mpaka saa sita.

Programu ikafunguka! Wazazi wenye walikuwa wanangoja pa mulango wakapiga makofi. Mimi nikapiga vigelegele mpaka Shefu akatoka mu biro yake kuuliza nani ameolewa. Nilimupa Deo ndizi zangu zote za muchana.

Kazi ikaanza. Mutoto wa kwanza, fishi ikatoka. Wa pili, ikatoka. Wa tatu ni Riziki. Kavira akaandika jina yake. Jina ya baba. Masisi. Tarehe ya kuzaliwa nilimupa mimi mwenyewe, na karatasi ya ubatizo, ile nilikimbia nayo ndani ya plastiki, ndani ya nguo. Tarehe 22, mwezi wa ine.

Kavira akafinya kitufe ya kutoa fishi. Nyekundu.

Akafinya tena. Nyekundu.

Mutoto mwenye alifuata akapita vizuri. Wakarudia Riziki. Nyekundu.

Sikulia. Nilishangaa tu. Sawa mutu amenipiga kofi katikati ya kanisa na sijue nimefanya nini.

Siku ya ine, tarehe 11

Siku muzima. Wengine wanapita, wengine hapana. Riziki tumemujaribu ku mashini zote tatu. Nimehesabu mara tisa, kisha nikaacha kuhesabu.

Deo ameondoa programu, ameirudisha. Amezima, amewasha. Esansi ya jenereta ikaisha, Papa Katembo akaleta ingine, hakuuliza kitu. Deo anasema yale maandiko ya nyekundu yanasema mu fishi kuna kitu haisomeki. Kitu gani? Hayasemi. Ni sawa mutoto muchanga anayelia: unajua anaumwa, fasi yenye inauma haionyeshe.

Mama Sifa amepata fishi ya kijana yake Bahati. Bahati iko Walikale, ku nyumba ya watoto. Mama Sifa ni jirani yangu tangu Masisi, tulikimbia njia moja. Alicheza pa mulango na miguu yake yenye vidonda. Nilimukumbatia. Nilikuwa na wivu. Mungu anisamehe ao asinisamehe, nilikuwa nayo. Ameondoka saa ile ile na pikipiki.

Magaribi pa mulango watu wakaanza kusema. Papa mumoja wa milima ya Masisi akasema kwa sauti, «Hamuone? Mashini inapokea watoto wa wenye duka. Sisi wa Masisi inatutupa.» Mwingine akamujibu, «Nyinyi ni wageni hapa. Hii pori ni yetu, na watoto wetu pia wamekataliwa!» Wote wakageukia Kavira, juu yeye ni mutoto wa Butembo, kama wenye duka.

Kavira akatoka nje, mikono ku kiuno. «Mimi nakunywaka chai na mukate kavu. Duka yangu iko wapi? Munionyeshe basi, kesho nifungue, niwakopeshe sabuni!»

Wamoja wakacheka. Wengine hapana.

Niliogopa sana. Niliogopa kupita kwa risasi. Kwetu vita haikuanza na bunduki. Ilianza na maneno ya vile, pa mulango ya vile.

Siku ya tano, tarehe 12

Habari mubaya. Kamiyo haingoje tena.

Papa Katembo alikuja mwenyewe, kofia mu mukono. Wamesikia risasi upande wa barabara. «Mama Riziki, mimi namuogopa Mungu, lakini naogopa pia njia kufungwa. Siku ya Mungu, misa ya kwanza, kisha tunaenda.» Yaani kesho tu njo imebakia, na asubui moja.

Nimetuma mwenye pikipiki Omate, kwa bwana yangu. Anachimba kule. Mwezi wa sita aliniambia tumulilie Riziki, tumalize. Akanyoa kichwa. Mimi nikakataa kunyoa. Tukagombana vibaya, akaenda ku mashimo. Nimemuandikia maneno tatu tu: Riziki iko hai. Sijue kama itamufikia. Sijue kama ataamini.

Saa tisa, mvua kali, Mama Sifa amerudi. Na miguu. Peke yake. Bahati hakuna.

Askari wa barieri alikataa fishi yake. Juu kabisa, fasi ya siku ya kutoka, imeandikwa 10/11. Askari akasoma, akaita wenzake. «Mama, wewe ni nabii? Tarehe kumi, mwezi wa kumi na moja! Hii siku bado kuzaliwa. Enda, urudi nayo mwezi ujao.» Wakamucheka. Yeye hajue kusoma. Alikuwa anawaambia tu, iko na muhuri, iko na muhuri.

Shefu alikasirika, akasema saa ya mashini imeharibika. Deo akaangalia. Saa iko sawa. Siku iko sawa. Deo akarudi ku mashini, macho mekundu sawa ile alama.

Mama Sifa amelala kwangu, uso ku ukuta. Nilimupikia sombe, majani ya muhogo, hakugusa. Wivu yangu yote imeisha. Nilitamani ingekuwa bado.

Siku ya sita, siku ya posho, tarehe 13

Nianzie wapi.

Kila mutoto, kabla ya kuingia mu mashini, Kavira anamuandikiaka kikaratasi na kalamu. Asubui Shefu alisema vyote vitolewe, viwekwe juu ya meza kubwa: wenye walipita upande huu, wenye walikataliwa upande ule. Wakanipa mimi ile kazi, juu macho ya Kavira imechoka.

Mimi nasoma polepole, na kidole. Nikaanza na majina. Majina haikusema kitu. Nikatazama vijiji. Masisi iko pande zote mbili. Walikale pande zote mbili. Watu wa Butembo pande zote mbili. Nikasema moyoni: basi yule papa wa juzi alisema uongo, asante Mungu. Kisha nikafika ku tarehe ya kuzaliwa.

Wenye walipita: moja ya moja. Moja ya moja. Moja ya moja. Kidogo tu wako na ingine, tano ya nane, tatu ya kumi.

Moja ya moja ni ile tunaandikaka kama mama hajue siku. Kwetu wengi wanazaliwa mu shamba, ao mu kukimbia. Nani ataandika? Mwaka unakumbukwa juu ya njaa ao juu ya vita, siku hapana. Kwa hiyo Kavira anaweka mwezi wa kwanza, tarehe moja. Watoto ya muji muzima walizaliwa siku ya Bonane, mwaka mupya!

Wenye walikataliwa: 22. 17. 30. 14. 25. Wote wako na karatasi ya padri ao ya kliniki.

Nilikaa chini. Mashini inakataa watoto wenye mama zao walichunga tarehe. Mimi nilivuka muto na ile karatasi ya ubatizo. Mutoto aliniponyoka, karatasi haikuniponyoka. Na ni ile karatasi njo imefunga mulango. Nilitaka kuitafuna.

Wakati ule Kavira alikuwa anatoa fishi ya mutoto mumoja wa moja ya moja, mama yake apate kutulia. Karatasi ikatoka, akanipa nipeleke kwa muhuri. Nikasoma juu, na kidole. 10/13.

Nikasoma tena. Nikauliza, «Dada Kavira, mwezi wa kumi na tatu iko?»

Akaninyanganya ile karatasi. Akapiga kelele, «Deo! Deo, kuja!»

Nikaenda kutwaa fishi ya Mama Sifa, nikaiweka kando. 10/11, ilitoka tarehe 11. 10/13, leo ni tarehe 13. Wote tuliona pamoja, vichwa karibu vinagongana. Mashini inatanguliza mwezi. Sisi tunatanguliza siku. Riziki ni 22/4, na ile mashini inatafuta mwezi wa ishirini na mbili. Haiuone. Inakataa. Lakini moja ya moja, ata ukiipindua sawa chapati, iko tu moja ya moja.

Deo alishika kichwa na mikono mbili. Akasema yote. Kule Goma alitaka kushusha musingi mupya ya Kifaransa, ilikuwa muzito, koneksio ya intaneti ikakatika mara na mara. Akatwaa ya Kiingereza, yenye ilikuwa mwepesi. Hapa kwetu ikakataa kuingia, akageuza mashini zote zikae Kiingereza ili ikubali. Na kule kwa Kiingereza mwezi njo unatangulia. Kisha akasahau kuzirudisha Kifaransa. Ni ile tu. Siku tatu, watu karibu wakatane panga, juu ya ile tu.

Akaniuliza, «Mama, ulisomea wapi?» Nikasema primeri, mwaka wa tatu. Akasema, «Mimi miaka tano ya iniversite.» Akageukia mashini yake.

Akarudisha Kifaransa. Kavira akaandika: 22, mwezi wa ine. Akanitazama. Akafinya.

Karatasi ikatoka. Moto moto. Niliinusa sawa mukate.

Nilizani mushangao imeisha. Kumbe Kavira alikuwa ametwaa vile vikaratasi vya tano ya nane na tatu ya kumi. Uso yake ikabadilika. Hao waliingia bila nyekundu, lakini mu mashini wamepinduka: wa tarehe tano mwezi wa nane amekuwa wa tarehe nane mwezi wa tano. Hakuna mutu aliona. Mutoto ya mutu iko mule na siku yenye haiko yake, na mama yake akileta karatasi ya padri, watasema haiko wake. Kavira akasema, «Ile nyekundu ilikuwa na huruma, Mama. Ilitupigia kelele. Hawa waliingia kimya.» Yeye na Deo wako wanarudilia wote, mumoja mumoja.

Nilitoka pa mulango, nikaeleza watu. Nilieleza na Kiswahili, nikaeleza na Kihunde, luga ya kwetu Masisi. Sijazoea kusema mbele ya watu. Yule papa wa milima alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, «Basi ni Kiingereza kilitukataa. Na hakitujue ata!» Leo walicheka wote.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Naandika juu ya magunia ya chumvi. Kamiyo inatikisa. Bauma nimemuacha kwa Kavira.

Barieri ya kwanza. Askari alisoma fishi mara mbili, midomo inatembea. «Ya jana. Pita.»

Walikale, Mama Sifa alishuka na fishi yake mupya. Hakusema kwaheri. Alikimbia na viatu mu mukono.

Mvua. Tumekwama mara mbili. Wanaume wanasukuma, Papa Katembo mwenyewe anasukuma, shati ya misa yote matope. Nashika fishi ndani ya nguo, fasi ile ile ya karatasi ya ubatizo.

Siku ya kwanza, tarehe 15

Itebero.

Kapita alisoma fishi, akasema iko sawa. Koko hakuitazama ata. Hajue kusoma. Alimuita Riziki kutoka nyuma ya nyumba.

Amekuwa murefu. Nywele wamekata. Magoti ni yangu, nilijua magoti kabla ya uso. Nilifungua mikono.

Hakukuja. Alisimama kando ya Koko. Akanisalimia, «Jambo, Mama.» Vile mutoto mwenye adabu anasalimia mugeni.

Niliogopa mashini. Niliogopa barieri, risasi, kamiyo kwenda bila mimi. Hii sikuiwaza ata siku moja. Nikakaa ku matope.

Koko akaniambia, «Usimulazimishe, mwanangu. Alikulilia mpaka akamaliza. Sasa ngoja, machozi irudie njia yake.» Akamufunga Riziki kikwembe yake nzuri ya kitenge, ile ya kusafiria, yeye akabakia na ya zamani. Akapanda kamiyo. Kamiyo ikaenda.

Pale njo Riziki akalia. Akakimbia nyuma ya kamiyo, «Koko! Koko!» Mimi nikakimbia nyuma ya Riziki. Nilimukamata. Alipigana. Aliniuma mukono mpaka damu. Nilimushika tu. Sikumuachilia. Hii mara sikumuachilia.

Siku ya tatu, tarehe 17

Tumefika Mubi na pikipiki, watatu na mwenye kuendesha. Njiani Riziki alisinzia ku mugongo yangu. Mimi niliimba kidogo kidogo.

Bwana yangu alikuwa ameketi mbele ya nyumba. Matope ya Omate mpaka ku nywele. Nywele zimerudi. Alimuona Riziki, akafunika uso na shati yake, akabakia vile. Riziki akamupa mukono. Alisema, «Jambo, Papa.» Bwana yangu akashika ule mukono na mikono yake mbili, sawa anashika yai.

Bauma ananiuliza, «Huyu mugeni atalala kwetu?»

Niliingia kupika.

Deo amerudi Goma. Kavira anasema amemaliza wale wote wa kupinduka, na mama mumoja amepigiwa simu arudi haraka. Bahati wa Mama Sifa iko nje, anapiga mupira ya majani. Sauti yake imekuwa muzito.

Siku ya posho, tarehe 20

Mvua tangu asubui. Biro imefungwa. Tumekaa ndani wote ine.

Riziki anakunywa, anasema asante. Anakula, anasema asante. Anakunja kikwembe ya Koko vizuri, anaiweka ku pembe. Nikimuita anakuja mbio, anasimama, anangoja. Mutoto gani anakuja mbio kila mara? Inaniumiza.

Leo nilipika bugali na maharagi. Ile ukoko yenye inashikaka chini ya sufuria Bauma aliikamata, sawa kila siku. Mbele ya kupotea, Riziki njo alikuwaka anaikula. Riziki alimutazama. Akamutazama. Kisha akamunyanganya sufuria. Bauma akamuvuta nguo. Riziki akamupiga ngumi ku mugongo, akasema, «Acha! Mimi njo mukubwa!» Bauma akalia kwa sauti yake yote. Riziki akaendelea kukwangua na kijiko, mudomo imejaa, ametugeuzia mugongo.

Bwana yangu alitaka kusimama. Nikamushika mukono, akakaa.

Tuliwaacha wagombane.